Diepsloot: Mwanafunzi anapopelekwa kufundisha kabla hajahitimu

Katika kitongoji cha Diepsloot, kaskazini mwa Johannesburg, mashirika ya elimu yasiyo ya kiserikali huwapokea wanafunzi wa vyuo wanaotaka kujifunza kazi kwa vitendo. Mwanafunzi hufika hapo akitafuta uzoefu. Mtoto anayemkuta darasani anatafuta kujua kusoma. Makala haya yanaeleza jinsi haja hizo mbili zinavyokutana, na kwa nini wakati mwingine zinapingana.

Kitongoji kilichozaliwa na uhamisho

Diepsloot ni jina la Kiafrikana, na maana yake ni mtaro wenye kina kirefu. Kitongoji hicho kiko zaidi ya kilomita 30 kaskazini mwa katikati ya jiji la Johannesburg, kando ya barabara ya R511. Kilianzishwa mwaka 1995, mwaka mmoja tu baada ya uchaguzi wa kwanza wa kidemokrasia nchini Afrika Kusini, pale watu waliokuwa wakiishi katika vibanda huko Zevenfontein walipohamishiwa hapo. Palikusudiwa kuwa mahali pa kupumzikia kwa muda, hadi wahamishwaji watakapopatiwa makaazi ya kudumu. Kama ilivyotokea kwingineko duniani, cha muda kikageuka kuwa cha maisha. Mwaka 2001 waliongezwa wengine walioondolewa katika kingo za mto Jukskei, huko Alexandra.

Sensa ya mwaka 2011 ilihesabu wakaazi 138,329 katika eneo la kilomita 12 hivi za mraba. Wengine wanaishi katika nyumba ndogo za matofali zilizojengwa na serikali, na wengine katika vibanda vya mabati vilivyobanana uani mwa nyumba hizo. Umbali mfupi tu kutoka hapo kuna Dainfern na Steyn City, mitaa ya matajiri iliyozungushiwa kuta na kulindwa usiku na mchana. Watu wengi wa Diepsloot hujipatia riziki humo kama watumishi wa nyumbani, watunza bustani na walinzi.

Diepsloot pia ni makaazi ya wageni wengi kutoka Zimbabwe, Msumbiji na Malawi, na baadhi ya maduka madogo ya mitaani, yaitwayo spaza, yanaendeshwa na Wasomali na Waethiopia. Ujirani huo haujakuwa wa amani daima. Ghasia dhidi ya wageni zilizoanzia Alexandra mwezi wa Mei mwaka 2008, na ambazo ziliua watu zaidi ya 60 nchini kote, zilifika Diepsloot pia. Mwezi wa Aprili mwaka 2022 raia mmoja wa Zimbabwe aliuawa na kundi la watu waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba wakidai kuonyeshwa vitambulisho. Mwanafunzi wa chuo anayekuja kufundisha kusoma, kwa hiyo, anaingia mahali ambapo hata swali la mtoto ametoka wapi linaweza kuwa swali la hatari.

Pengo ambalo shule haijalijaza

Kwa nini mashirika yahitajike, ilhali shule za serikali zipo na nyingi katika maeneo ya maskini hazitozi karo? Jibu moja limo katika matokeo ya uchunguzi wa kimataifa wa usomaji uitwao PIRLS. Uchunguzi wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba asilimia 78 ya wanafunzi wa darasa la 4 nchini Afrika Kusini hawakuweza kusoma kwa kuelewa, katika lugha yoyote waliyopimwa. Katika uchunguzi wa mwaka 2021, uliofanyika baada ya shule kufungwa kwa sababu ya janga la korona, idadi hiyo ilipanda hadi asilimia 81. Kwa maneno mengine, katika kila watoto 5 waliofika darasa la 4, wanne walikuwa wakitamka maneno bila kupata maana yake.

Chanzo cha hali hiyo ni cha zamani. Sheria ya Elimu ya Wabantu ya mwaka 1953 iliwawekea watoto Weusi elimu duni kwa makusudi, ili wawe vibarua. Tarehe 16 Juni mwaka 1976 wanafunzi wa Soweto waliandamana kupinga kulazimishwa kusoma kwa Kiafrikana, na polisi wakawafyatulia risasi. Utawala wa ubaguzi ulianguka, lakini walimu waliofunzwa chini ya mfumo ule, majengo machache na madarasa yaliyojaa kupita kiasi vilibaki kuwa urithi wa serikali mpya.

Hapo ndipo mashirika yalipoingia. Mojawapo ni Afrika Tikkun, lililoanzishwa mwaka 1994 na mfanyabiashara Bertie Lubner pamoja na Rabi Mkuu Cyril Harris, na ambalo kituo chake cha Diepsloot kinaitwa Wings of Life. Msingi wa kazi ya shirika hilo ni kumfuata mtoto tangu utotoni hadi apate ajira: shule ya awali, chakula, masomo ya jioni, ushauri nasaha, kisha stadi za kazi. Jingine ni LEAP, mtandao wa shule za sekondari za sayansi na hisabati ulioasisiwa na John Gilmour. Shule ya kwanza ilifunguliwa mwaka 2004 mjini Cape Town kwa ajili ya vijana wa kitongoji cha Langa. Baadaye mtandao huo ulifungua shule nyingine, ikiwemo moja kwa ajili ya vijana wa Diepsloot. Kando ya mashirika hayo yenye majina makubwa kuna vikundi vidogo vinavyofanya kazi kanisani, katika makontena ya chuma au kwenye sebule ya mtu.

Mashirika ya aina hii yana watoto wengi na fedha kidogo. Mwanafunzi wa chuo, anayehitaji saa za mazoezi ili ahitimu, ni msaada ambao ni vigumu kuukataa.

Nani huja, na kwa mlango gani

Wanafunzi wa mazoezi si wa namna moja. Wapo wanaosomea ualimu, ambao hawawezi kupata shahada bila kusimama mbele ya darasa. Wapo wanaosomea ustawi wa jamii na saikolojia, ambao vyuo vyao huwataka wafanye kazi miongoni mwa watu chini ya msimamizi. Wapo vijana waliomaliza kidato cha mwisho na kukosa nafasi ya chuo au ajira, katika nchi ambayo ukosefu wa kazi kwa watu wenye umri wa kati ya miaka 15 na 34 umepita asilimia 40. Na wapo wanaotoka ng'ambo, aghalabu Ulaya na Marekani, wanaokuja kwa wiki chache wakati wa likizo zao.

Kabla ya kumkaribia mtoto, kila mmoja wao anapaswa kupita mlango mmoja wa sheria. Sheria ya Watoto ya mwaka 2005 iliweka sajili ya watu wasiofaa kufanya kazi na watoto, na sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 2007 ikaongeza sajili ya waliotiwa hatiani kwa makosa hayo. Shirika linatakiwa kuhakikisha kwamba jina la mtu halimo katika sajili hizo. Kupata cheti huchukua muda, na shirika lenye haraka ya kuziba pengo hujikuta katika kishawishi cha kumruhusu mwanafunzi aanze kabla ya karatasi kurudi. Mwanafunzi ambaye hakuulizwa cheti chochote siku ya kwanza amekwisha jua jambo moja kuhusu shirika lililompokea.

Saa za asubuhi na saa za mchana

Mwanafunzi anayefika akidhani atafundisha tangu asubuhi hadi jioni hushangaa. Asubuhi watoto wenye umri wa kusoma wako shuleni, isipokuwa wale wadogo wa shule ya awali. Saa hizo hutumika kwa kazi ambazo hazionekani katika picha za vipeperushi: kunakili mahudhurio, kuhesabu vitabu, kuandaa kadi za herufi, kuandika taarifa kwa wafadhili, kumsindikiza ofisa ustawi wa jamii kwenye nyumba ambamo mtoto ameacha kuonekana.

Safari hizo za majumbani humfunza mwanafunzi mengi kuliko kitabu. Huko hugundua kwamba mtoto anayesinzia darasani hulala chumba kimoja na watu wengine sita. Kwamba yule asiyefanya kazi za nyumbani hana meza wala taa. Kwamba dada wa miaka 13 hawezi kubaki kwa masomo ya jioni kwa kuwa ndiye anayempokea mdogo wake na kumpikia, maana mama hurudi kutoka kazini usiku. Kosa ambalo chuoni lingeitwa uvivu hupewa jina lake la kweli.

Mchana watoto hufika, na jambo la kwanza ni chakula. Anayedhani kwamba sahani ya ugali, ambao huko huitwa pap, si sehemu ya elimu, na akumbuke yaliyotokea mwaka 2020. Shule zilipofungwa mwezi wa Machi kwa sababu ya korona, mpango wa taifa wa lishe shuleni nao ulisimama, na mamilioni ya watoto wakakosa mlo waliouzoea. Shirika la Equal Education pamoja na wenzake walikwenda mahakamani, na mwezi wa Julai mwaka huo Mahakama Kuu ya Pretoria iliamuru watoto wapewe chakula hata kama hawajarudi darasani.

Baada ya chakula ndipo huja masomo: vikundi vidogo vya watoto, kila kimoja na kiongozi wake. Hapo mwanafunzi wa mazoezi hukabidhiwa kikundi, na hapo ndipo mtihani wake halisi huanza.

Lugha tano katika benchi moja

Katika kikundi cha watoto 10 pale Diepsloot, mwanafunzi anaweza kukuta Kisotho cha Kaskazini, yaani Sepedi, pamoja na Kizulu, Kitsonga, Kivenda na Kishona. Afrika Kusini ina lugha rasmi 12, tangu lugha ya ishara ilipoongezwa mwaka 2023. Msikilizaji wa Kiswahili angejihisi yu nyumbani nusu na ugenini nusu. Mtu kwa Kizulu ni umuntu, kwa Sepedi ni motho, kwa Kishona na Kitsonga ni munhu. Undugu hauhitaji kuelezwa.

Hata hivyo, undugu wa maneno hauondoi ugumu wa kusoma. Kizulu huandikwa kwa kuunganisha viambishi, kama Kiswahili. "Nakupenda" yetu ni "ngiyakuthanda" yao, neno moja refu ambalo mtoto anapaswa kulivunja vipande. Sepedi huandikwa kwa kutenganisha: maana ile ile huwa "ke a go rata", maneno manne mafupi ambayo mtoto anapaswa kuyaunga. Mbinu inayomfaa msomaji wa Kizulu, yaani kukata neno katika silabi, haimsaidii sana msomaji wa Sepedi, ambaye tatizo lake ni kujua vipande vipi vinakwenda pamoja. Ongeza sauti za kidoko za Kizulu, zinazoandikwa kwa herufi c, q na x, kama katika iqanda, yaani yai, na mwanafunzi aliyezaliwa mbali na lugha hiyo atajikuta akisahihishwa matamshi na mtoto wa miaka 7.

Kisha kuna ngazi ya darasa la 4. Kwa kawaida watoto wa Afrika Kusini husoma kwa lugha ya mama katika madarasa matatu ya mwanzo, halafu masomo yote, hisabati ikiwemo, hugeuka ghafla kuwa ya Kiingereza. Mtoto ambaye bado hajaimarika kusoma lugha yake hutakiwa kusoma ya pili. Tangu mwaka 2025 wizara ya elimu ya msingi imeanza kueneza utaratibu wa kutumia lugha mbili kwa pamoja kuanzia darasa hilo, ili mtoto asikatwe kamba katikati ya mto. Matunda yake yatachukua miaka kuonekana.

Mwanafunzi wa mazoezi huyaona madhara ya ngazi hiyo kwa macho yake. Mtoto anapewa hesabu ya maneno kwa Kiingereza: mfanyabiashara alikuwa na machungwa 45, akauza 18, yamebaki mangapi? Mtoto anakaa kimya. Akiulizwa swali hilo hilo kwa Sepedi, hujibu kabla swali halijaisha. Mwanafunzi ajuaye lugha ya mtoto hutambua mara moja kwamba hesabu anaijua na kwamba kilichomshinda ni sentensi. Mwanafunzi asiyeijua huandika katika daftari lake kwamba mtoto ni dhaifu katika kutoa. Taarifa hiyo ya pili itamfuata mtoto, na dawa atakayopewa itakuwa ya ugonjwa asiokuwa nao.

Mtoto asiye na cheti

Si ajabu mwanafunzi kukutana pia na mtoto anayesoma vizuri katika kituo lakini hasomi shule, kwa kuwa hana cheti cha kuzaliwa. Wengine ni watoto wa wahamiaji. Wengine ni raia ambao wazazi wao walichelewa kuwaandikisha. Mwezi wa Desemba mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Makhanda iliamua kwamba ni kinyume cha katiba kumnyima mtoto elimu ya msingi kwa sababu hana hati. Lakini hukumu haitembei kwa miguu yake yenyewe. Lazima mtu aichukue, aende nayo kwa mwalimu mkuu, na asirudi mikono mitupu.

Kwa mwanafunzi wa ustawi wa jamii au wa sheria, hapa ndipo mazoezi yanapokuwa kazi. Kumsindikiza mama kwenye ofisi ya shule, kuandika barua, kufuatilia wiki baada ya wiki, ni mambo yasiyohitaji shahada bali uvumilivu. Na ni mambo yanayoweza kubadili maisha ya mtoto kuliko masomo mengi ya jioni.

Nauli na posho

Katika mazungumzo kuhusu mazoezi ya kazi, jambo la fedha huachwa mwisho. Kwa mwanafunzi maskini ndilo la kwanza. Anayeishi Soweto na kufanya mazoezi Diepsloot hupanda teksi ndogo za abiria, ambazo Tanzania zingeitwa daladala na Kenya matatu, aghalabu mbili kwenda na mbili kurudi. Siku tano za juma hugharimu fedha ambazo nyumbani zingenunua unga wa mwezi.

Sheria ya kima cha chini cha mshahara, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari mwaka 2019, haiwahusu watu wanaojitolea bila malipo. Kwa hiyo shirika linaweza kumpokea mwanafunzi na lisimlipe kitu, ikiwa mpango wenyewe ni wa kujitolea. Matokeo yake ni kichekesho kichungu: anayeweza kumudu kufanya kazi bure Diepsloot mara nyingi ni yule ambaye wazazi wake wanaishi upande wa pili wa ukuta, au yule aliyepanda ndege kutoka Ulaya. Kijana aliyezaliwa mtaa huo huo, ajuaye lugha zake na njia zake, hulazimika kutafuta kibarua dukani.

Serikali ilionyesha mwaka 2020 kwamba hali inaweza kuwa tofauti. Mwezi wa Desemba mwaka huo, katika mpango wa rais wa kuwapatia vijana ajira, vijana wapatao 300,000 waliajiriwa kwa muda kuwa wasaidizi mashuleni, wakilipwa posho ya kila mwezi. Wengi walipangiwa shule zilizo karibu na makwao. Walakini kila awamu ya mpango huo ilikuwa na tarehe ya mwisho, na msaidizi aliyeanza kuwajua watoto kwa majina alirudi nyumbani fedha zilipokwisha.

Anapoondoka

Tarehe ya mwisho ni tatizo la kila mpango wa mazoezi, uwe wa posho au wa bure. Mwanafunzi wa wiki sita huhitaji wiki mbili za kwanza kujua majina na wiki ya mwisho kuaga. Katika muda unaobaki mtoto amekwisha mzoea, hasa mtoto ambaye watu wazima wa maisha yake wamezoea kuondoka. Kisha huja mwingine, na mtoto huanza upya kueleza jina lake linavyotamkwa.

Kuna mashirika yaliyojifunza kupunguza madhara hayo. Kikundi cha watoto hubaki mikononi mwa mwalimu wa kudumu, mkaazi wa hapo hapo, na mwanafunzi huwa msaidizi wake. Anapoondoka, nguzo haing'oki. Kila mtoto ana daftari la maendeleo linaloeleza anasoma sauti zipi na anakwama wapi, ili anayefuata asianzie sifuri. Picha za watoto haziwekwi kwenye simu ya mgeni. Na mwanafunzi huambiwa tangu mwanzo asitoe ahadi ya kurudi ikiwa hajui kama atarudi.

Kinyume chake pia kipo. Mwanafunzi asiye na msimamizi huachiwa watoto 30 peke yake, mwalimu wa zamu akiwa hayupo, na mwisho wa mwezi idadi ya watoto waliohudumiwa huandikwa kwa wino mzuri katika taarifa ya mfadhili. Hapo mwanafunzi hakufunzwa kazi, na watoto hawakufunzwa kusoma. Aliyefaidika ni karatasi.

Afrika Mashariki inaijua hadithi hii

Kwa msikilizaji wa Afrika Mashariki hali hiyo si ngeni. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliitaka Tanzania iwapatie watoto wote elimu ya msingi, na walimu hawakutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba waliingizwa madarasani kufundisha huku wakijifunza ualimu kwa masomo ya redio, ya posta na ya mikutano ya kila wiki. Waliitwa walimu wa UPE. Miaka 30 baadaye, shule za sekondari za kata zilipochipuka kila mahali, wahitimu wa kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache na kupelekwa kufundisha. Watu wakawaita walimu wa vodafasta, kwa jina la huduma ya kuongeza salio la simu kwa haraka. Utani huo uliwauma vijana wengi ambao hawakuwa na kosa, kwani wao ndio waliokubali kwenda kijijini ambako mwenye diploma hakutaka kwenda.

Nchini Kenya suala hilo lilifika mahakamani. Shule za sekondari za chini zilipoanza mwaka 2023, Tume ya Huduma za Walimu, TSC, iliwatumia walimu waliokwisha hitimu kwa mikataba ya mazoezi, wakilipwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Mwezi wa Aprili mwaka 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba mtu mwenye sifa na leseni ya ualimu hawezi kuitwa mwanagenzi. Walimu hao waligoma mwezi uliofuata, na wapatao 46,000 waliahidiwa ajira ya kudumu kuanzia Januari mwaka 2025.

Mifano hiyo miwili inaonyesha mpaka ambao Diepsloot nayo inapaswa kuuchunga. Mazoezi ni mazoezi pale anayejifunza ana wa kumfunza. Akiachwa peke yake, huyo si mwanafunzi tena, ni mwalimu wa bei nafuu, na watoto wanaopewa mwalimu wa bei nafuu ni wale ambao wazazi wao hawana sauti ya kulalamika.

Mcheza kwao

Mtandao wa LEAP ulijaribu njia nyingine. Ulibuni utaratibu wa kuwachukua baadhi ya wahitimu wake wenyewe, vijana wa vitongoji vile vile, na kuwaweka shuleni kama walimu wa mazoezi kwa miaka kadhaa, huku wakisomea shahada ya ualimu kwa njia ya posta na mtandao. Asubuhi kijana huketi nyuma ya darasa akimtazama mwalimu mzoefu, mchana humsaidia mwanafunzi aliyebaki nyuma, usiku husoma vitabu vyake. Mwaka wa kwanza hafundishi peke yake. Kadiri anavyokomaa ndivyo anavyoongezewa vipindi.

Utaratibu huo una gharama. Unahitaji mtu wa kulipa karo na posho kwa miaka minne au mitano, na unahitaji mwalimu mzoefu anayekubali kutazamwa kila siku. Hauwezi kumfikia kila kijana. Lakini unajibu maswali ambayo mazoezi ya wiki sita huyaacha wazi: lugha kijana anayo, nauli haimfukuzi, na hana haraka ya kuaga. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hapa anayetunzwa zaidi ni mtoto, kwa sababu anamwona mbele yake mtu aliyetoka katika vibanda kama vya kwao, aliyekwama katika hesabu zile zile na akazivuka.

Kwa wanafunzi wengine, wale wa miezi miwili au mitatu, wataalamu wa elimu wanashauri maswali machache ya kuulizwa kabla ya kukubali nafasi. Nani atanisimamia, na yuko hapo kila siku? Kuna cheti gani ninachotakiwa kuleta? Nani aliwafundisha watoto hawa mwezi uliopita, na nani atawafundisha nitakapoondoka? Nitalipwa nauli? Shirika lenye majibu huwa halikasiriki kuulizwa.

Na mtoto wa darasa la 4 anayeingia kituoni mchana, akala, akafungua kitabu, ana swali lake moja ambalo halisemi: huyu wa leo, kesho atakuwepo?